Dozi Iliyobaki Chupani

Lindi, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Somoe, roho yangu,

Sikuulizi hali, maana sauti yako bado iko masikioni mwangu. Umetoka hapa sasa hivi na Hamisi kwenda kuwaaga shangazi zako Mtanda, umejifunga kanga yangu mpya bila hata kuniomba, na umeniachia kapu lako la safari katikati ya sebule. Nina muda mpaka mrudi magharibi. Nimekaa kwenye meza ya cherehani ya Mzee Mshamu, nimesukuma vitambaa vya watu pembeni, na hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana. Nikiandika mistari minne nasimama, naenda dirishani kuangalia kama mnarudi, nakuta barabara tupu, narudi kukaa. Wali umeniungulia. Mwandiko wenyewe utauona, na mimi shuleni nilikuwa nasifiwa kwa mwandiko.

Mambo ya safari sitayaandika. Kupika unanishinda, kuishi na watu unajua, na mama mkwe wako nilimwona siku ya harusi yenu, ana uso wa kucheka. Mengine utayajua ukishafika Songo Songo. Nina jambo moja tu la kukuambia, na nimekaa nalo tangu kabla hujazaliwa.

Lakini acha nianze na furaha, kwa sababu bila hiyo furaha nisingethubutu. Usinicheke. Huu mwezi wa tatu tangu Mzee Mshamu anioe, na nakiri kwako kwamba mwanamke wa miaka arobaini na moja natembea mjini kama msichana aliyeandikiwa barua. Asubuhi akishafungua kibanda chake anasimama mlangoni ananipungia mkono kama mtu anayesindikiza meli, na mimi naenda kununua nyanya tu! Amenishonea magauni manne. Jirani yetu ananiambia, "Hadija, huyo ni mume au ni kiwanda?" Nacheka mpaka nashika ukuta. Jioni anatia asumini kwenye sahani ya maji, anaiweka karibu na kitanda, hasemi neno, anajifanya kama asumini imekuja yenyewe. Sikujua kama mtu anaweza kupendwa hivi mara ya pili. Baba yako, Mungu amrehemu, nilimpenda sana, na utaona nilivyompenda. Huyu ananipenda yeye, na hicho ni kitu kingine kabisa.

Ananiita "karani wangu," kwa sababu nilimsimulia kwamba nikiwa Milola nilikuwa karani wa kijiji. Kila akiniita hivyo nilifurahi na kuumia hapohapo, naye hakujua kwa nini. Nikaanza kukosa usingizi. Nikitazama ile asumini nilijiambia, huyu anampenda mtu ambaye hamjui. Sasa anajua. Wewe utakuwa wa pili kujua.

Unakumbuka wiki mbili zilizopita tulivyokwenda wote kliniki. Tulikaa kwenye benchi na wenzako wenye matumbo, ukaitwa, nikaingia na wewe. Yule nesi kijana alikuwa mcheshi. Akakupima, akafurahi, akasema mtoto anakwenda vizuri, akachukua bomba la sindano.

"Haya bibie, lete mkono. Hii ni ya pepopunda. Ya pili utakuja baada ya wiki nne."

Ukavuta mkono. "Mimi sichomwi."

"He! Tumbo umelibeba, sindano ndiyo unaiogopa?"

Wa kwenye benchi wakacheka, maana mlango ulikuwa wazi. Wewe hukucheka.

"Siogopi, sista. Mama yangu huyu hapa. Alichomwa zote mbili, na mtoto wake akafa kwa pepopunda hiyohiyo. Muulizeni mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Benchi zima likanigeukia. Nesi akashusha mkono, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Ni kweli, mama?"

Nilitazama ukutani. Palikuwa na picha ya mwanamke amebeba mtoto mnene. Nikasema, "Ni mambo ya zamani, mwanangu." Basi. Hilo ndilo jibu nililotoa mbele ya wanawake kumi, na nusu yao nina hakika walirudi nyumbani na neno lako, wala si la nesi.

Njiani ulikuwa unaongea kwa furaha kama mtu aliyeshinda kesi. Ulisema, "Mama, tena fikiria. Siku hizi kila kitu cha kununua. Hospitali unachangia, dawa ya kichwa unanunua, hata daftari la kuandikiwa unakwenda nalo mwenyewe. Iweje hii sindano tu ndiyo wanaigawa bure? Nani anagawa kitu bure siku hizi?" Nilikusifu moyoni kwa akili yako, na nikatamani ardhi inifunike. Yale mengine yote unayosema, kwamba bure haiaminiki, kwamba watu wanasema inafunga kizazi, ungeweza kujibiwa na nesi yeyote. Lakini msingi wa maneno yako yote ni mimi. Ni mkono wangu. Na mkono huu, Somoe, haukuchomwa.

Nimeandika. Nimesimama, nimekwenda dirishani, nimerudi, na bado maneno yapo palepale. Haya, sasa nisikilize tangu mwanzo.

Nilipoolewa Milola nilikuwa nimetoka shule na cheti changu cha kidato cha nne, na kijiji kizima hapakuwa na mwanamke mwingine mwenye nacho. Wakanipa ukarani. Nilikuwa na meza, daftari kubwa na muhuri! Ilikuwa miaka ile ya shida ya bidhaa. Nyinyi leo mnaingia dukani mnanusa sabuni kwanza ndipo mchague. Sisi tulikata mche mmoja vipande kwa uzi, na wembe mmoja ulizunguka nyumba tatu. Lakini nilikuwa na furaha. Baba yako akienda shambani nilikuwa nanusa shati lake alilovua jana. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, nalala nikiwaza majina.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja, Nesi Paulina, Mmakonde wa kule juu Newala, mwanamke mrefu, mkali, Mkristo wa kusali kila siku. Siku ya chanjo ya wajawazito alikuja ofisini kwangu asubuhi akaniambia, "Hadija, wenzako wanakuangalia wewe. Ukichomwa, watachomwa. Uwe wa kwanza."

Nikasema, "Ndiyo, sista."

Lakini usiku wa jana yake bibi yako, mama wa baba yako, alikuwa amekaa na mimi jikoni. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa mtu wa hofu. Aliniambia, "Mwanangu, mimba ya kwanza haiguswi. Hiyo ndiyo inayowafungulia njia wadogo zake. Ukiitia chuma, umeifunga njia." Na baba yako tulipolala akasema, "Mimi mambo ya sindano siyajui. Ila mama akilala na hofu, mimi silali. Nifanyie hisani, Hadija."

Akaniomba kwa sauti ile. Nami sikuwa na sauti ya kumkatalia.

Hebu niseme ukweli wote. Sikuogopa sindano. Shule nilifundishwa vijidudu ni nini, na kikaratasi cha nesi nilikisoma nikakielewa, kwamba mama akichomwa, kinga inamfikia mtoto tumboni, anazaliwa nayo. Wanawake wengine wa Milola wangeweza kusema hawakujua. Mimi nilijua. Ila nilitaka wote wanipende. Mkwe anipende, mume anipende, nesi anipende, na wenzangu wanione mbele yao. Nilitafuta njia ya kumridhisha kila mtu, na kwa bahati mbaya kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Siku ile nilikaa nje ya ofisi na meza yangu, naandika majina na kujaza kadi. Ndani walikuwa wawili wanaochoma, Nesi Paulina pembe hii na msaidizi aliyetoka Lindi mjini pembe ile. Niliita watu kwa sauti mpaka koo likakauka. "Jamani njooni, haiumi, ni kama kuumwa na siafu!" Binti mmoja alikuwa analia, nikamshika mkono nikamwingiza mimi mwenyewe. Foleni ilipokwisha Nesi Paulina akachungulia.

"Na wewe?"

"Mwenzako ameshanichoma, sista," nikasema, na nikaandika jina langu kwenye daftari mbele ya macho yake, nikajaza kadi yangu, nikaigonga muhuri. Mstari mzuri, herufi nzuri.

Baada ya mwezi wakaja kwa sindano ya pili. Nikafanya vilevile. Mara ya kwanza moyo ulikuwa unanidunda. Mara ya pili haukunidunda hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Bibi yako aliamini nimemtii; baba yako alipoikuta ile kadi aliamini kazi imenilazimisha kuchomwa, nami nikamwacha aamini hivyo.

Kaka yako Athumani alizaliwa nyumbani, mvua inanyesha, uchungu umekuja kwa kasi, zahanati hatukuwahi. Bibi yako alimpokea. Wembe ulichomolewa kwenye makuti ya paa ulipokuwa umechomekwa, ukapanguswa kwa kanga. Kila nyumba ilifanya hivyo, hakuna aliyekusudia ubaya. Alikuwa mtoto mzuri, Somoe! Alikuwa na nywele mpaka kwenye paji la uso. Baba yako alikuwa anakuja kumtazama kila baada ya muda mfupi, shamba halilimwi.

Siku ya sita asubuhi akaacha kunyonya. Anataka, analia kwa njaa, namsogeza, mdomo haufunguki. Nilidhani ni mimi nakosea kumshika. Mchana nikimgusa anakakamaa, mtu akifunga mlango kwa nguvu anakakamaa, mgongo unapinda. Tulipata lori la ushirika mpaka Lindi. Hospitali nesi alimtazama mara moja akanitazama mimi.

"Mama, ulichanjwa?"

Baba yako akawahi, akatoa kadi mfukoni. Alikuwa ameitunza kwenye karatasi ya nailoni. "Hii hapa, sista. Zote mbili."

Yule nesi aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Dalili ni za pepopunda," akasema. "Lakini kadi inasema umepata zote." Akanigeukia. "Ulichomwa kweli, mama?"

Baba yako alikuwa amesimama hapo, jasho linamtoka, ananiangalia kwa imani kama ninavyoangaliwa na wewe. Nikasema, "Nilichomwa."

Sijui kama jibu lingine lingemwokoa. Nimejiuliza mara nyingi mno, na sitakudanganya kwamba nina jibu. Walimtibu walivyoweza. Alifariki siku ya pili yake, asubuhi, nimemkumbatia, na chumba wamekifanya giza ili mwanga usimshtue.

Nimekwenda kunywa maji. Nimerudi.

Kwenye msiba ndipo uongo ulipopata miguu. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, nawasikia. "Karani mwenyewe kachomwa zote mbili." "Mwenye elimu yake!" "Kadi ipo, mume wake anayo." Baba yako alikuwa anaitoa ile kadi anawaonyesha wanaume uani, si kwa ubaya, kwa uchungu tu, anauliza, "Sasa hii ina kazi gani?" Kadi ikapita mikono yote ya Milola.

Siku ya tatu Nesi Paulina akaja. Akakaa na mimi, akanishika mguu, akasubiri wenzangu watoke. Akasema polepole, "Hadija, siku ile dozi moja ilibaki chupani. Nilihesabu na daftari lako mara mbili. Na mwezi uliofuata ikabaki tena." Akaongeza, "Nilidhani wewe ndiye ungekuja kuniambia."

Nikajifunika kanga usoni. Akangoja. Angeweza kutoka pale akasimama uani akasema kwa sauti, na angekuwa na haki. Hakusema. Nadhani alinihurumia, na nadhani pia alitaka nijisemee mwenyewe. Baadaye akahamishwa. Alipokuja kuaga nilijificha nyuma ya nyumba mpaka alipoondoka.

Chanjo ya mwaka uliofuata, foleni ilikuwa ya wanawake saba tu. Mimi nilikuwa mezani na kalamu yangu. Yule binti niliyemwingiza kwa mkono mara ya kwanza, safari hii alikuwa na mimba nyingine. Hakuja. Na kila nilipopita njia ya makaburini nikaona udongo mpya mfupi, Somoe, mengine sitaki kuyaandika.

Sasa nafika kwako. Kalamu inataka kusimama hapa.

Ulizaliwa baada ya miaka miwili, na baba yako alikuwa amekwisha kuapa. "Sindano haitaingia tena nyumba hii." Watoto wa rika lako walikuwa wanapelekwa zahanati wanachanjwa. Wewe ulibaki. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia baba yako, na lingetosha. Nililiwaza asubuhi, nililiwaza mchana, nikimwona anavyocheza na wewe nasema kesho. Nilidhani nikilisema ataniacha. Ulipokuwa na miaka mitatu surua ikapita kijijini. Watoto wengi walipata homa kidogo wakaendelea kucheza. Wewe ulilala siku nyingi, macho yameziba, ukishindwa hata kulia. Ulipona, nikashukuru, nikachinja kuku. Ndipo tukaona ukungu kwenye jicho la kushoto.

Umeambiwa miaka yote kwamba ilikuwa kudra. Kudra za Mungu mimi sizijui. Najua nilichokuwa nacho mdomoni nikakimeza.

Nilikuwa naona ulivyokuwa unakaa darasani, kichwa umekiinamisha upande. Nilikuwa naona unavyoteremsha mtandio upande mmoja tukienda harusini. Na Hamisi alipokuja kuposa, nilikuwa nyuma ya pazia, nilikusikia unamwambia, "Kabla hatujafika mbali, ujue jicho hili halioni vizuri." Ulisema kama mtu anayeungama kosa. Hamisi akacheka akasema, "Mimi nimekuja na macho yangu mawili, yatatutosha." Nikampenda kijana yule palepale! Lakini nililia, na wewe ukadhani ni machozi ya furaha. Kosa ulilokuwa unaliungama lilikuwa langu.

Jumanne, mlipokuwa sokoni, nilimwambia Mzee Mshamu. Alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja. Nilisema yote, kwa haraka, bila kupumua. Alisimama ananisikiliza, pasi ya mkaa imekaa palepale, mpaka moshi ukatoka. Alipoinua, alama ya pasi ilikuwa imejichora kwenye paja la suruali. Akaitazama.

"Hii nitaitia kiraka," akasema. "Hiyo yako mimi siwezi."

Nikasubiri anishike mkono. Alikuja kunishika, lakini baadaye. Kwanza alisema, "Umeniambia mimi, mke wangu, kwa sababu unajua nitakusamehe. Mtu wa kuambiwa ni Somoe."

"Atanichukia."

"Huenda."

"Na anaondoka Ijumaa!"

"Basi una siku tatu, karani wangu."

Leo ndiyo ya mwisho. Jana nilikuita uani mara mbili, unakumbuka? Mara ya kwanza nikakuuliza kama umepata dagaa wa kutosha. Mara ya pili nikakuambia nywele zako zimependeza. Ukaniambia, "Mama, leo una nini? Ndoa imekupagawisha." Tukacheka wote. Nikaingia ndani nikauma mto.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii chini kabisa ya kapu lako, ndani ya kanga, uikute ukifungua mizigo Songo Songo. Nikajiona mwerevu. Kisha nikafikiri, ungeisoma ukiwa huko kisiwani, mimi nikiwa salama huku na mume wangu na asumini yangu, na kliniki ya Lindi umekwisha kuiacha nyuma. Ningekuwa nimejificha tena nyuma ya nyumba. Hapana. Nitakupa mkononi leo.

Basi lenu linaondoka alfajiri. Kliniki inafungua saa mbili. Basi lingine la Kilwa lipo Jumapili, nimeshauliza, na Hamisi nimemwambia mimi mama mkwe wake naomba siku mbili, sababu utamwambia wewe. Alijibu, "Mama, siku mbili tu? Chukua." Sindano ya pili ni baada ya wiki nne. Kama kule dawa ipo, vizuri. Kama haipo, njoo mpaka Kilwa Masoko, nami nitatoka huku nije nikupokee, hata barabara iwe matope mpaka magotini.

Siwezi kukuapia kwamba mtoto wako hataugua. Hakuna anayeweza kumwapia mwenzake hivyo. Ninachoweza kukuapia ni kwamba ulichomwambia yule nesi si kweli, na hukudanganya wewe. Wale wengine wa foleni ya kwanza kabisa pale Milola, wale waliochomwa kweli, nilikuwa karani wao, nawajua kwa majina, na watoto wao niliwaandika daftarini mmoja mmoja walipozaliwa. Hakuna hata mmoja wao niliyemsikia amekufa kwa ugonjwa wa Athumani. Hilo nimelijua miaka ishirini na moja.

Kesho nitakwenda na wewe. Mlango ukiwa wazi na benchi limejaa, vizuri, na wao wasikie. Nitamwambia yule nesi kijana jibu alilostahili siku ile. Nitasema nikiwa nimesimama.

Sikuombi unisamehe leo. Nimepata furaha kubwa uzeeni kuliko nilivyostahili, na nitakuelewa ukisema nimechelewa kuwa mkweli mpaka nilipopata mtu wa kunifuta machozi. Ni kweli, nimechelewa. Ukitaka kwenda Songo Songo bila kuniaga, nenda. Ukitaka kumwambia mama mkwe wako, mwambie. Ukitaka mjukuu wangu asijue jina langu mpaka awe mkubwa, sitakuja kukugombeza.

Nasikia sauti ya Hamisi kule barabarani, anamsalimia mtu. Mmewahi kurudi. Barua sijaisoma tena, maana nikiisoma nitaichana. Nitawasha taa, nitakupa, na sitatoka chumbani unaposoma. Nitakaa hapahapa uniangalie.

Nichukie, Somoe. Lakini nichukie ukiwa umechanjwa.

Mama yako,
Hadija